Ratili ya nyama na magunia matatu ya babu

Najua nimepotea. Kuna mmoja kaniuliza kama nimedisko... hapana jamani, sijadisko, nipo. Nilikuwa Ruangwa kwa mazoezi ya kufundisha, kisha nikapitia nyumbani Nachingwea kumwamkia babu, na sasa nimerudi kampasi. Chumba kilekile, godoro lilelile, na jirani wa ghorofa ya juu na muziki wake uleule.

Leo sitaandika habari za maji wala foleni ya kafeteria. Kuna kazi ya semina imenikalia kooni, na nimeona nikiimwagia hapa labda itatoka.

Kazi yenyewe: chagua tamthilia moja ya mapenzi na vichekesho ya zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza (alitawala 1558 hadi 1603), uchambue wahusika na dhamira. Kundi letu tuko sita na, kama ilivyo kawaida ya makundi, wanaofanya kazi ni wawili. Mimi nikapendekeza The Merchant of Venice ya Shakespeare kwa sababu moja ya kivivu kabisa: ipo kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Nikajisemea, nasoma usiku mmoja, asubuhi naandika. Teh teh. Hii ni wiki ya tano.

Kwa ambao hamjaisoma, hadithi kwa kifupi. Bassanio, kijana mtanashati wa Venisi, ametumbua mali mpaka imekwisha, na madeni anayo kila kona. Huko Belmont kuna binti tajiri, Portia, ambaye baba yake alifariki akamwachia urithi wenye sharti: mchumba achague kisanduku kimoja kati ya vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Bassanio anahitaji hela ya kwenda kujionyesha. Rafiki yake Antonio ni mfanyabiashara mkubwa, ila mali yake yote iko baharini. Basi Antonio anakwenda kumkopea kwa Shylock, Myahudi, dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Shylock huyu ndiye Antonio amekuwa akimtemea mate na kumwita mbwa mchana kweupe. Safari hii Shylock anasema hataki riba. Tuandikiane tu, kama utani, kwamba siku ikipita bila malipo nitakata ratili moja ya nyama ya mwili wako.

Meli zinasemekana kuzama. Shauri linafika mbele ya mtawala. Portia, ambaye tayari kaolewa na Bassanio (jamaa alichagua risasi, akapatia), anavaa kiume, anajifanya mwanasheria, anaingia na kumwambia Shylock: haya, kata nyama yako, lakini hati haikutaja damu, ikimwagika hata tone umekwisha. Shylock anashindwa, ananyang'anywa mali, analazimishwa kubadili dini. Wenzie wanarudi Belmont kwenye mbalamwezi na muziki, ndoa tatu, utani wa pete, pazia.

Na hiyo ndiyo inaitwa komedi.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo mimi nilipokwama kwanza. Tamthilia iliandikwa yapata 1596 au 1597. Ilipoandikishwa London Julai 1598 iliandikishwa kwa majina mawili kwa pamoja: mfanyabiashara wa Venisi, au kwa jina jingine Myahudi wa Venisi. Kumbe tangu mwanzo watu hawakuwa na uhakika hii hadithi ni ya nani! Mfanyabiashara ni Antonio, si Shylock, ingawa mtaani ukiuliza kila mtu atakutajia Shylock. Halafu miaka 370 na ushee baadaye anakuja Mwalimu anaongeza jina la tatu, na analiweka kwenye wingi. Si bepari. Mabepari.

Wengi tunalisoma jina hilo kisiasa moja kwa moja. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, Februari hiyohiyo mabenki yakataifishwa, na miaka miwili tu baadaye Rais anatoa kitabu chenye neno mabepari kwenye jalada. Nani asielewe? Lakini neno lenyewe lina safari yake. Bepari lilikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, na huko asili yake ni mfanyabiashara tu, mtu wa kuuza na kununua. Maana ya mnyonyaji imelikuta njiani. Kwa hiyo Mwalimu hakupotosha hata kidogo. Alichukua neno ambalo kwa sikio la mzee wa pwani lilikuwa "wafanyabiashara" na kwa sikio la kijana wa 1969 lilikuwa "wenye mirija". Ujanja wa mwalimu wa shule huo. Tusisahau alikuwa anafundisha Pugu kabla ya kuacha kazi 1955 kwa ajili ya TANU.

Na wingi ule unabadilisha uchambuzi mzima wa wahusika. Ukisema mfanyabiashara wa Venisi, kuna mmoja mbaya na wengine wema wanaomponyoka. Ukisema mabepari, inabidi uwahesabu. Shylock, sawa. Antonio je, mwenye meli Tripoli, Mexico, Uingereza na Bara Hindi kwa wakati mmoja? Bassanio je, ambaye akimweleza rafiki yake habari za Portia anaanza na urithi wake ndipo anafika kwenye uzuri? Hata Jessica, binti wa Shylock, anapotoroka na Lorenzo anabeba sanduku la vito vya baba yake dirishani. Mapenzi yapo, sikatai. Ila kila penzi mle ndani lina risiti.

Jambo jingine nililopenda: Mwalimu hakulazimisha vina. Washairi wetu wamezoea vina na mizani, na yeye alivijua. Lakini alifuata mtindo wa Shakespeare wa mistari isiyo na vina. Alikuwa ameshajaribu hivyo kwa Julius Caesar 1963, akairekebisha tena na kuitoa 1969 mwaka uleule. Miaka hiyohiyo S. S. Mushi naye akatoa Makbeth (1968) na Tufani (1969). Rais wa nchi anatafsiri tamthilia, na mimi nashindwa kumaliza kurasa tano za semina...

Sasa Shylock. Darasani tulizoea kumweka kwenye kapu la wahusika wabaya tukaendelea. Lakini angalia mazingira. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa tena kuishi huko waziwazi mpaka 1656. Maana yake watazamaji wengi wa Shakespeare walikuwa wanamcheka mtu ambaye hawajawahi kukaa naye jirani. Mwaka 1594, miaka miwili hivi kabla ya tamthilia, daktari wa Malkia, Rodrigo Lopez, Mreno mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa kwa tuhuma za kutaka kumpa Malkia sumu. Mji ulikuwa umechemka. Venisi nako, tangu 1516 Wayahudi walifungiwa mtaa wao wenye malango yanayofungwa usiku, na kazi nyingi walikatazwa. Kukopesha ndiyo kazi waliyoachiwa, kisha wakachukiwa kwa kuifanya.

Na Waingereza wenyewe walikuwa wanakopeshana kwa riba vizuri tu! Sheria ya 1571 iliacha riba isiyozidi asilimia 10 ipite bila adhabu kali. Baba yake Shakespeare, mzee John, alishtakiwa kwa riba mwaka 1570. Huyu mwandishi alijua anachokiandika, kilikuwa mezani kwao.

Portia ndiye niliyempenda kupita wote, na ndiye aliyeniudhi kupita wote. Ana akili kuliko wanaume wote wa mle ndani, lakini hawezi kuchagua mume kwa sababu marehemu baba kaamua, na hawezi kusikilizwa mahakamani mpaka avae suruali. Wasichana wangu wa Kidato cha Tatu kule Ruangwa walipofika hapo walipiga makofi. Mmoja akauliza, "Madamu, ina maana mume hakumtambua mkewe hata sauti?" Darasa likavunjika mbavu. Nikawaambia huyo ndiye Bassanio, macho yake yalikuwa kwenye kisanduku.

Lakini rudi nyuma kidogo. Anakuja Mkuu wa Morocco kumposa, mtu mweusi, anaongea kwa heshima, anaomba asihukumiwe kwa rangi yake. Anachagua dhahabu, anakosa. Akishatoka, Portia anashusha pumzi na kutamani wote wa rangi ile wachague hivyohivyo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Kisha huyohuyo Portia anasimama mahakamani anahubiri huruma, na zamu yake ya kuitoa ikifika, inakuwa ndogo sana.

Kuna kitu Shylock anakisema palepale mahakamani ambacho walimu hukiruka. Anawakumbusha waungwana wa Venisi kwamba nyumbani kwao wana watumwa waliowanunua, wanawatumikisha kama punda na mbwa, na hakuna anayewaambia wawaachie huru. Mmenunua miili mizima, mimi ratili moja mnanishangaa? Hakuna anayemjibu. Tamthilia inaendelea kana kwamba hajasema.

Hapo ndipo hadithi inapofika kwetu kusini, na hapo ndipo nilipopiga kelele maktaba mpaka nikanyamazishwa. Kumbe Nyerere hakuwa wa kwanza. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Zanzibar 1864, alitoa mwaka 1867 kijitabu kinachoitwa Hadithi za Kiingereza: visa vya Shakespeare vilivyofupishwa, kutoka kile kitabu cha watoto cha Charles na Mary Lamb cha 1807. Kisa cha mfanyabiashara wa Venisi kimo. Kilichapwa na mtambo wa misheni, na misheni hiyo ilikuwa na vijana waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi wakati huo, lilifungwa 1873. Hebu fikiria kijana aliyewahi kuwekewa bei, anasoma habari za mtu anayedai ratili moja tu ya mwenzake.

Na mji wenyewe ulikuwa Venisi ya aina yake. Matajiri wa Kihindi waliwakopesha wenye misafara bidhaa, deni likalipwa kwa pembe za ndovu msafara ukirudi. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na Taria Topan. Msafara usiporudi, ndiyo yaleyale ya meli za Antonio. Sidhani kama msomaji wa Zanzibar alihitaji kuelezwa dukati ni nini.

Steere akawa askofu 1874, na mwaka 1876 akatembea kwa miguu kutoka Lindi kuingia bara na kundi la watu waliokombolewa, wakaweka makazi Masasi. Masasi hii hii! Ukipanda gari asubuhi Nachingwea, chai ya saa nne unainywa Masasi. Mtu aliyeileta ratili ya nyama kwenye Kiswahili alipita kwetu, kwenye nchi ambayo misafara ya watumwa ilikuwa inapita kuelekea pwani.

Halafu kwa Antonio, wa Nachingwea hatuna haja ya kwenda mbali. Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakaanza 1947 kule Kongwa, na kwetu wakaleta matrekta, uwanja wa ndege na reli ya kutoka pwani. Januari 1951 serikali yao ikaufuta baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Reli ilifungwa 1962. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO ndio waliopiga kambi Nachingwea. Meli tatu za Antonio angalau zilirudi mwishoni mwa tamthilia. Karanga hazikurudi.

Basi bwana, nikiwa nyumbani jioni moja nikamsomea babu. Haoni vizuri siku hizi, na hupenda kusomewa. Ananiita mke wangu, kwa utani wa babu na mjukuu, kwa hiyo nikawa mke wake Portia. Nikasoma mpaka ile sehemu ya kuandikiana. Babu akacheka, akasema, "Hiyo si kangomba hiyo?"

Kwa wadau wa mikoa mingine: kangomba ni kununua korosho za mkulima nje ya utaratibu, kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, mara nyingi kwa hela aliyopewa miezi mingi kabla, wakati ghala halina kitu. Utaratibu wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08 ili mkulima apeleke chamani, mzigo upimwe, uuzwe mnadani. Kwetu minada iko chini ya RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Lakini mnada ni Oktoba, na njaa haingoji Oktoba. Novemba 2018 Rais Magufuli alipotangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzibeba, wahakiki walipita kutafuta wenye korosho wasio na mikorosho. Hao ndio wa kangomba.

Nikamuuliza babu, wewe umewahi? Akanyamaza. Kisha akamwambia bibi alete kopo la biskuti. Ndani, pamoja na kadi za kliniki za kina mama mdogo, kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Tarehe ya Julai 2021. Shilingi 180,000, magunia 3 ya korosho, mwezi wa kumi. Sahihi ya babu, sahihi ya jamaa, shahidi mmoja. Imepigwa mstari kuonyesha limekwisha.

Julai 2021 mimi nilikuwa naripoti Kidato cha Tano. Godoro, tranka, sare, nauli ya mkoa mwingine. Niliambiwa babu kauza mbuzi.

Bibi akapiga hesabu kwa vidole: magunia yale yangefika mnadani yangeleta zaidi ya mara mbili ya ile hela. Nikakasirika. Nikasema huyo mtu ni Shylock kabisa, ni mnyonyaji. Babu akaniacha nimalize.

"Mwezi wa saba nani mwingine alikuwa na hela?" akasema. "Bibi yako alipozidiwa usiku ule, pikipiki iliyompeleka hospitali ilikuwa ya nani? Hata ya mafuta hakudai."

"Lakini babu, kakunyonya."

"Kaninyonya. Na pikipiki kaleta." Kisha akarudi kwenye kitabu. "Huyo Myahudi wako mpumbavu kidogo. Kaletewa hela mara mbili, mara tatu, anaikataa. Nyama ya mtu ataila?"

Nikamwambia alikuwa amedhalilishwa siku nyingi, na binti yake katoroshwa. Akasema hapo sawa, hapo anamwelewa. Ila Antonio hakumwelewa kabisa. Mtu gani anaweka sahihi ya mwili wake kwa ajili ya kijana kwenda kuposa?

Nikamtazama babu. Yeye wala hakuona alichosema.

Sasa mnaelewa kwa nini kazi haiishi. Kwenye rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika kuhusu Bassanio mistari mitatu ya dharau. Ni yule mwanachuo wa wiki ya kwanza ya bumu, chipsi kuku kila siku, wiki ya nne anaomba chumvi vyumbani. Nilimcheka vizuri. Nikaongeza na utani kwamba sisi wa mkopo wa Bodi wote tumesaini hati, asilimia 15 ya mshahara ikatwe tukiajiriwa. Lakini hiyo nimesaini mwenyewe. Ile ya kopo la biskuti aliyesaini ni mwingine, na aliyepanda basi kwenda Belmont ni mimi. Bassanio angalau alikuwepo wakati wa kuandikiana, na alimwambia Antonio asiweke sahihi. Mimi sikuwepo, na nilipopewa nauli sikuuliza mbuzi gani.

Kule Ruangwa niliwapa wanafunzi kesi waiamue upya, kura ya mikono. Shylock alipata kura nyingi kuliko nilivyotegemea, kwa hoja kwamba mkataba ni mkataba na walimtukana kwanza. Mvulana mmoja wa nyuma akasema wote waende jela isipokuwa mwenye meli. Msichana mmoja, ambaye kwao nao ni wa korosho, alinyoosha mkono akauliza kwa nini Bassanio hakwenda kukopa mwenyewe. Nilimjibu haraka kwamba alikuwa hakopesheki. Jibu ni sahihi kwa mtihani. Wiki moja baadaye nilikuwa kwa babu.

Semina ni Alhamisi. Mwenzangu wa kundi anataka tuandike mhusika mkuu ni Portia, tumalize, tukalale. Mimi nataka tuandike ni wingi ule wa Mwalimu, wote, tuanze na Bassanio. Tumeshagombana mara mbili na wale wanne wengine hawajui hata tunagombania nini, hahaha.

Nitawaambia tulipata ngapi. Maji yametoka, ngoja niwahi ndoo.